Vidaka

Walimtoa kizazi Jumatatu, skuli ya Muyuni,
juu ya meza ya darasa la tatu
iliyotandikwa mfuko wa plastiki.
Nilitia dole gumba kwenye karatasi.
Bure, wakasema. Na cha bure mie sikatai.
Mshono wa vidole vitatu, uzi wa buluu.
Nikamrudisha kwa gari la ng'ombe, ulimi nje,
Watasema wangu,
mbwa aliyepata kumtoa nguruwe pangoni kwa sikio.

Jina nilimpa mwenyewe, kabla watu hawajaanza.
Wakaanza hata hivyo.

Wiki ya tano, mshono umefunga, manyoya yanarudi,
akaanza kuchimba nyuma ya chungu ya makumbi.
Usiku halali. Analia kwa puani
kama bawaba inayotaka mafuta.
Nikampigia mluzi wa msituni:
masikio yalikuja, mwenyewe hakuja.

Asubuhi nikachungulia shimoni.
Vidaka.
Vile vinavyopukutika mnazi ukizidiwa na jua,
vya kijani, kadiri ya yai la bata,
vinne, kavipanga ubavuni,
anavilamba kimoja kimoja mpaka ving'ae.

Nilitaka kucheka. Nikainama, nikaona matiti.
Yamejaa.
Maziwa, ya nani?

Dokta Salha kwenye simu: mwili wake
haujapata habari. Nyumba tumeibomoa,
tarishi alikuwa keshatoka.
Yatakauka. Usimkamue. Viondoe hivyo vitu vyake.

Nikaenda na ndoo.
Watasema, mlala miguuni pangu miaka sita,
alinionesha meno, yote,
na huku anatikisa mkia,
kama mtu anayekwambia tafadhali
na panga kalishika.
Nikarudi na ndoo tupu.

Vuai akasema karogwa.
Pandu, mwanangu, akasema mpira wake wa matambara
hauonekani tangu jana.
Kima wakashuka kwenye mahindi,
wakakaa juu ya ukuta wa mawe wakimenya
taratibu, kama walioalikwa.
Yeye hata sikio.

Mke wangu Mize hamgusi mbwa.
Akipita hukusanya kanga.
Mie nikilambwa mkono, maji mara saba,
moja kwa udongo, ndipo nipewe sahani.
Siku vuli ilipoanguka, shimo likajaa,
nilimkuta Mize kasimama mlangoni.
Watasema yuko uani, kidaka mdomoni,
anatazama pa kwenda.
Mize hakusema kitu.
Kwa ncha ya mguu alilisukuma gunia kavu
mpaka chini ya upenu, akarudi ndani.
Mbwa akavuka mvua, akaweka, akarudi,
akavuka, akaweka,
safari ya mwisho mpira wa Pandu.
"Wangapi?" sauti ikatoka jikoni.
"Watano," nikajibu.
Wala si vitano. Watano.
Hatukusahihishana.

Kidaka huwa kitale, kitale kikawa dafu,
lakini hayo ni ya juu, ya kilichoshikwa na shina.
Cha chini hugeuka rangi ya tumbaku, kikawa chepesi,
kikagonga ndani ukikitikisa.
Sasa nani amwambie?
Aliendelea kulamba. Maziwa yakapungua
kwa saa zake, bila ya kumuuliza mtu.

Kisha alfajiri moja nikamkuta kizingitini,
mkia juu, anataka maweni.
Gunia hakuligeukia.
Tukenda. Akawatimua kima
mpaka nikachoka kumwita.

Niliporudi, Mize keshafagia upenu.
Mpira ulikuwa kambani, umefuliwa, unachuruzika.
Vidaka aliviona kuni nzuri, vikavu,
akavitia mekoni chini ya chungu cha mihogo.
Nilikaa pale nikiota moto, nikahesabu.
Vitatu.

Sikuuliza.